Tunauza mahindi Julai, tunayanunua Februari: tufanyeje?

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam kutoka Mbozi.

Mimi na mume wangu tunalima ekari tatu za mahindi. Mwaka jana tulivuna magunia 42. Julai ile ile tukauza 34 kwa shilingi 45,000 kila moja, tukabaki na 8 ya chakula. Wanunuzi huku wanakuja na magari na magunia yao wenyewe, wanajaza lumbesa ya debe saba, na hilo ndilo wanaloliita gunia. Nyumbani tuko watu sita, tunasaga debe tano kwa mwezi.

Yale 8 tuliyaweka kwenye viroba vya kawaida bila dawa. Kufika Desemba dumuzi walikuwa wameshaingia, na kama magunia mawili hivi yaligeuka vumbi. Mwisho wa Februari ghala likawa jeupe, tukanunua magunia 4 kwa 80,000 kila moja. Siku ile nililia, Mshauri. Ni kama tuliyanunua mahindi yetu wenyewe.

Sasa ni Mei, mahindi yanakauka shambani na kwa macho naona yatakuwa kama ya mwaka jana. Mahitaji yamepangana. Duka la pembejeo linatudai 400,000 za mbolea, mwisho ni tarehe 15 Agosti. Nahitaji 120,000 sasa hivi za vibarua wa kuvuna na kupukuchua. Msimu ujao tunataka mifuko mitatu ya mbolea ya kupandia, DAP, na mitatu ya kukuzia, urea, huku kwetu kwa ruzuku ni kama 70,000 mfuko mmoja. Mtoto wetu yuko darasa la saba. Akipata bweni Januari, godoro, sanduku, sare na michango nimepiga inafika 350,000. Halafu mume wangu anataka 600,000 za bati. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, imefika lenta tangu mwaka juzi. Yeye anasema tuuze yote Julai tuezeke, maana fedha ya mkononi haitobolewi na dumuzi.

Wiki iliyopita amekuja dalali. Anatoa 30,000 kwa gunia leo hii, tuandikishane magunia 10, aje kuyachukua Julai. Mume wangu anaona hiyo ni nafuu. Mimi nina hisa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, na ninaweza kukopa kwa riba ya asilimia 10 kwa miezi mitatu, lakini mikopo inaniogopesha.

Je, mimi ndiye mwoga au mume wangu ndiye mwenye haraka? Na tukiamua kuweka, tunawekaje dumuzi wasiturudie?

Mkulima, Mbozi

JIBU

Dada yangu wa Mbozi,

Hesabu zako za mwaka jana zina matundu matatu, na hilo unalolilia ndilo dogo kuliko yote. Tuyapime moja moja kabla ya kumlaumu mtu.

Debe 5 kwa mwezi ni debe 60 kwa mwaka, yaani magunia 10 ya debe sita sita. Mlibakiza 8. Kwa hiyo mliuza mapema magunia mawili ambayo mlikuwa mnayahitaji kwa chakula: mkayatoa kwa 45,000, mkayarudisha kwa 80,000. Hapo mmepoteza 70,000. Dumuzi wamekula mengine mawili, na kuyafidia mkatoa 80,000 kwa kila moja. Hiyo ni 160,000, zaidi ya mara mbili ya hasara ya haraka.

Tundu la tatu hukulitaja kama tatizo, umelipitia tu. Magunia 34 ya lumbesa yana debe 238. Kwa kipimo cha haki cha debe sita, debe 34 zimeondoka bila kulipwa, na hizo ni magunia 5 na debe 4. Kwa bei yenu ya Julai ni shilingi 255,000. Maana yake hamkuvuna magunia 42. Mlivuna debe 286, yaani magunia 47 na debe 4, halafu matano na kitu yakapanda gari la mtu kama zawadi. Lumbesa imekatazwa kisheria, na Wakala wa Vipimo wapo kwa ajili hiyo, ila gari likishaegeshwa uani na vibarua wameshika masepetu, sheria huwa mbali.

Kwa hiyo sitakwambia uwe mvumilivu. Mara nyingi mkulima anayeuza Julai huambiwa hana subira, na hapo ndipo ushauri unapoanza kupotea. Watu huuza Julai kwa sababu tatu zinazoeleweka: wana deni la kulipa, wanaogopa wadudu, na wanajua mahindi yakikaa ndani yataombwa na kuuzwa debe moja moja mpaka yaishe. Kila sababu ina dawa yake. Wachumi Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walilipima jambo hili magharibi mwa Kenya, matokeo yakachapishwa 2019. Wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweza kuyashikilia mahindi yao na kuyauza bei ilipopanda, na mkopo ule ukawaletea faida ya asilimia 29. Walichokosa kabla ya hapo ni fedha ya kushughulikia mambo ya Julai. Akili na subira walikuwa navyo.

Sasa huyo dalali. Anakupa 30,000 Mei kwa gunia litakalokuwa 45,000 Julai. Hiyo ni nyongeza ya 15,000 juu ya 30,000, asilimia 50 kwa miezi miwili, na bado atakuja kupima kwa lumbesa. VICOBA wanakutaka asilimia 10 kwa miezi mitatu. Mkopo unaouogopa ni ule wenye jina. Huu wa dalali hauitwi mkopo, na ndio ghali. Kwa mahitaji yako ya 120,000, kwake ungetoa magunia 4 ambayo Julai yangekuwa 180,000, kwa hiyo ungelipa 60,000 kwa kupata fedha mapema. VICOBA utarudisha 132,000, yaani utalipa 12,000. Kopa 120,000 tu, usiongeze hata kumi, na usiandikishe hata gunia moja. Kagera mtindo huu kwenye kahawa wanauita butura, Mbinga wanauita magoma, na kote huko aliyeuza kahawa ikingali maua shambani hujikuta mwaka unaofuata analazimika kuuza maua tena, kwa sababu mavuno yanapofika tayari si yake.

Kuhusu mgawanyo, tuchukulie mavuno ni debe zile zile 286 na safari hii mnauza kwa mizani. Gawanyeni mafungu kabla gari la kwanza halijafika, wewe na shemeji mkiwa pamoja na daftari mezani.

Chakula ni magunia 10, hayaguswi, hayakopeshwi, hayaongelewi. Fungu hili linatengwa kwanza kwa sababu mahindi ya kula ndiyo pekee ambayo una hakika utayanunua tena ukiyauza. Bei ya Januari ya mahindi ya biashara unaibahatisha, lakini debe tano kwa mwezi si za kubahatisha.

Ya kuuza Julai na mwanzo wa Agosti ni 20, kwa 45,000 upate 900,000. Humo unalipa deni la duka 400,000, VICOBA 132,000, DAP mifuko mitatu 210,000, na mifuko 25 ya kuhifadhia ya PICS, ile isiyopitisha hewa. Bei ya mfuko ulizie dukani kwenu. Mimi nimepiga 5,500, jumla 137,500. Ukijumlisha ni 879,500, inabaki 20,500 ya usafiri na mambo madogo.

Yanabaki magunia 17. Matano ni ya shule, yauzwe kati ya Desemba na wiki ya kwanza ya Januari; hata bei ikiwa 70,000 tu, 350,000 inatimia. Matatu ni ya urea. Tisa ni ya bati. Zile debe nne za ziada ziwe za wageni na misiba, maana zisipokuwa na fungu lake zitatoka kwenye chakula.

Usishangae kwamba DAP nimeiweka Julai na urea nimeisogeza mbele. DAP inaingia ardhini siku ya kupanda. Ukiikosa Novemba, mbegu haikungoji, na Novemba ni mwezi ambao fedha iliyokuwepo Julai huwa imeshakwenda. Busia, Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu mpango walioupa jina la SAFI: walimfuata mkulima mara tu baada ya mavuno, fedha ikiwa bado mkononi, wakamuuzia mbolea kwa bei ya kawaida na kumpelekea bure mpaka nyumbani. Wengi zaidi walitumia mbolea msimu uliofuata, kwa kusogeza tu siku ya kununua. Urea ni tofauti. Inavuta unyevu na kugandamana ikikaa miezi mingi, na inahitajika mahindi yakifika magotini, wiki nne hadi sita baada ya kupanda. Kwa hiyo fedha yake ikae ndani ya mahindi mpaka Desemba. Kabla ya yote hakikisha namba yako ya usajili wa mbolea ya ruzuku inafanya kazi. Usiende kuligundua hilo dukani Novemba.

Sasa shemeji na bati zake. Hoja yake ina uzito, na usimwone ni mtu wa haraka tu. Nyumba isiyoezekwa ni fedha iliyolala, na kama ukuta ungekuwa wa tofali mbichi ningesema ezekeni kwanza hata kwa bei mbaya, kwa sababu mvua moja ya Desemba inaweza kubomoa kilichojengwa kwa miaka miwili. Lakini tofali zenu zimechomwa na ukuta umefika lenta. Unaweza kuvuka masika moja zaidi kwa kufunika kingo za juu kwa nailoni nene iliyobanwa na mawe, pamoja na kuziba nyufa zinazoingiza maji kwenye udongo wa kati ya tofali. Mwonyesheni fundi kabla ya Oktoba, akikuta ukuta umeanza kuinama mpango unabadilika. Usipoinama, hesabu ni hii: kwa bei ya Julai, 600,000 inahitaji magunia 14. Kwa bei ya Februari ya mwaka jana inahitaji 8. Fungu la bati lina 9, kwa hiyo hata bei ikiishia 67,000 nyumba inaezekwa. Mweleze kwa lugha ya bati, kwamba kusubiri miezi saba kunamwokolea magunia matano au sita. Lugha ya kuweka akiba itamfanya aone unamnyima.

Mnunuzi naye hatakubali mizani kirahisi. Atasema, basi kama ni debe sita nakupa 40,000. Ikifika hapo, mahitaji yenu ya Julai yatataka magunia 22 badala ya 20, na mawili yanayoongezeka yatoke kwenye bati. Hata hivyo jaribuni kuuza majirani wanne au watano kwa pamoja kwa mizani ya kukodi, na mtaje bei kwa kilo. Mtu mwenye gari la tani kumi anachotafuta ni kujaza gari siku moja, na mzigo wa pamoja unampunguzia siku za kuzunguka vijijini. Kabla hajafika, pigeni simu sokoni Mlowo na Tunduma mjue kilo inakwendaje.

Je, bei isipopanda? Swali hilo lina haki ya kuulizwa, kwa sababu imewahi kutokea. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi yasiuzwe nje ya nchi, na waliokuwa wameyashikilia Nyanda za Juu Kusini waliumia kwa kukosa soko. Machi 2021 Kenya nayo ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya ukungu, kisha ikafungua kwa masharti baada ya siku chache, lakini kwa aliyekuwa na gari barabarani siku hizo zilitosha kumfilisi. Kuweka ni kubahatisha pia, ila ni bahati ambayo unaweza kuipima. Gunia la 45,000 likiongezewa mfuko wa 5,500 na kilo moja mbili zitakazopungua, linakuwa kama 51,500. Chini ya hapo umepata hasara, juu yake umepata faida, na msimu wa pili na wa tatu mfuko huo huo ukiwa mzima gharama inashuka.

Ndiyo maana ya bati usiyauze siku moja. Matatu mwishoni mwa Januari, matatu Februari, matatu mwanzo wa Machi. Usivuke Machi kwa tamaa ya kilele. Mahindi mabichi yakianza kuchomwa barabarani, mnunuzi anajua njaa inaisha, na bei huanza kulegea kabla hata ya mavuno.

Pengine utajiuliza, kama mkopo wa VICOBA ni nafuu hivyo, kwa nini tusilipie hata deni la duka kwa mkopo na kuyaweka yote? Inawezekana, lakini itazame. Ukikopa 400,000 Agosti utarudisha 440,000 Novemba. Magunia 9 ambayo ungeyauza yatahitaji mifuko ya 49,500. Ili usipate hasara, bei ya Novemba iwe angalau 54,400. Ikifika 60,000 utafaidi kama 50,000. Ikibaki 50,000 utakuwa na deni na magunia ya kuuza kwa lazima, na umerudi kulekule kwa dalali. Mwaka huu wa kwanza usifanye hivyo. Jifunze kwanza kuhifadhi bila kupoteza, mkopo wa kuhifadhia uje baadaye. Na jua kwamba kijiji kizima kikianza kuweka, Februari haitakuwa ghali kama zamani; Kenya ilionekana hivyo, penye wakopaji wengi bei za mavuno na za njaa zilisogeleana. Kwa wanaonunua chakula hiyo ni heri, kwa mwenye kuweka faida inapungua.

Serikali hufanya hesabu hizi hizi kwa ukubwa wake. NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, inaponunua mahindi baada ya mavuno inafunga ghalani fedha ambazo zingejenga zahanati mwaka huo huo, na inalipa ulinzi na dawa ya wadudu kwa mahindi ambayo huenda yasihitajike. Miaka mizuri huonekana ni hasara. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia mpaka ikatangaza janga la taifa, mahindi hayo yaliyokuwa yamekaa ndiyo iliyokuja kuyanunua. Ukiweza kuwauzia NFRA, fanya hivyo kwa fungu la Julai, ila usilitegemee kwa deni la tarehe 15 Agosti, maana foleni huwa ndefu. Na peleka mahindi safi na makavu; kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Hapo kwenye ukavu ndipo mpango wote unaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dumuzi unayemjua, yule mdogo mweusi wa urefu wa punje ya mchele au chini yake, ambaye wengine wanamwita Scania, si wa huku. Ametoka Amerika ya Kati na alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Hutoboa mahindi yakiwa bado kwenye gunzi, hata shambani, halafu mnamleta nyumbani wenyewe. Kwa hiyo msiyaache shambani wiki nyingi baada ya kukauka, pukuchueni mapema, na viroba vya mwaka jana vichomeni. Msivikung'ute na kuvitumia tena. Fagieni ghala mpaka kwenye nyufa kabla punje ya kwanza haijaingia.

Anikeni juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, unene usizidi vidole viwili, mkigeuza kila saa. Jioni kunjeni turubai juu ya mahindi kabla umande haujashuka. Baada ya siku tatu nne za jua kali pimeni kwa chumvi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia chumvi iliyoanikwa juani mpaka ikawa inamwagika kama mchanga, vijiko viwili vikubwa, kisha mahindi theluthi ya chupa. Tikisa dakika tatu, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisheni juani. Ikidondoka yote chini bado usifunge siku hiyo. Kipimo hiki kinakuambia tu kwamba uko chini ya 15, nawe unataka 13. Ongeza siku mbili za jua. Mahindi mabichi ndani ya mfuko usiopitisha hewa huota ukungu na kunuka, na ukungu huo ndio wenye sumukuvu. Hayo si ya kumpa hata kuku.

Peteni, ondoeni vipande vya magunzi na vijiti, kwa sababu kipande kimoja chenye ncha kinatoboa nailoni na kazi yote inaharibika. Mfuko wa PICS una tabaka tatu: nailoni mbili ndani, kiroba nje. Kila nailoni ijaze hewa kama puto, ishike mdomo, ikandamize na usikilize karibu na shavu. Ikipuliza, ina kitobo, irudishe dukani. Tia nailoni moja ndani ya nyingine, zote ndani ya kiroba, jaza debe mbili, tingisha zishuke, endelea mpaka ubaki na mdomo wa nailoni usiopungua kiganja na nusu. Kamua hewa ya juu kwa mikono, sokota mdomo wa nailoni ya ndani mpaka uwe mgumu kama kamba, ukunje mara mbili, funga kwa mpira wa baiskeli. Fanya hivyo kwa nailoni ya pili, kisha kiroba, kila moja kwa kifundo chake. Watu wengi hufunga zote tatu kwa kifundo kimoja, na hapo ndipo hewa inapopita. Dawa ya unga haihitajiki. Wadudu waliomo watamaliza hewa iliyobaki na kuacha kula.

Panga juu ya mbao, shibri moja kutoka ukutani, panya wasipate njia ya kujificha. Kwa kalamu ya wino mzito andika kwenye kila mfuko: CHAKULA, SHULE, UREA, BATI, pamoja na mwezi wa kufungua. Weka BATI nyuma kabisa, CHAKULA mlangoni. Jirani akiomba debe, utamwonyesha yale yaliyofunguliwa kwa chakula cha mwezi huo. Mengine yana jina na yamefungwa, na huo ni ukweli usio na haja ya kubishana. Ya kula mwisho wa Julai hadi Oktoba, magunia mawili ya kwanza, yanakaa kwenye viroba vipya vya kawaida, ndiyo maana nimehesabu mifuko 25 na si 27.

Msifungue mfuko wowote kabla ya miezi miwili, hata kwa kuangalia tu. Katikati ya Oktoba fungueni mmoja wa CHAKULA. Mahindi yakiwa na harufu ya siku ile mliyoyafunga na hakuna vumbi chini, mengine yaacheni kama yalivyo. Mkikuta vumbi jeupe, tafuteni kitobo kwenye nailoni kwa kuielekeza juani, kisha pitisheni mkono nje ya kila mfuko wa SHULE na BATI. Wenye vumbi kwenye mshono au vitobo vidogo uuzwe wiki hiyo hiyo kwa bei yoyote ya Oktoba, msiusubirishe Januari.